Jinsi ya Kung'oa Lantana Isirudi Tena: Mwongozo Kamili kwa Plot, Estate na Kingo za Mito Nairobi

Kila mwaka mvua ndefu zikishatulia, simu yangu hujaa picha za aina moja. Nyuma ya nyumba, iwe Kasarani, Lang'ata au Kahawa, kuna kichaka cha kijani kinachofika kiunoni, na chini ya picha maneno yaleyale: “Nilifyeka yote Januari. Mbona imerudi ikiwa nene kuliko ya kwanza?”

Panga haiui lantana, hilo gugu la kigeni lenye miiba. Panga huipogoa. Shina moja lililokatwa juu ya ardhi hurudi na matawi matano au sita, na kijana uliyemlipa kufyeka amekufanyia kazi ya mtunza ua bila yeye wala wewe kujua.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipande kidogo: ua wa plot, nyuma ya ukuta wa estate, uwanja wa shule, ukingo wa kijito. Jipangie miezi 18, usijipangie Jumamosi moja. Siku ya kung'oa ndiyo rahisi kuliko zote. Wengi niliowaona wakishindwa walishindwa kwa mambo mawili: sentimita tano za udongo ambazo hawakuzichimba, na ardhi tupu waliyoiacha baada ya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jembe la meno, yaani fok-jembe. Hili ndilo kifaa kikuu. Jembe la kawaida hukata mzizi mahali pasipofaa.
- Mtarimbo, hasa kama udongo wako una mawe au ni ule mweusi wa pamba.
- Msumeno mdogo wa kupogolea au makasi makubwa ya ua.
- Panga, kwa matawi ya juu tu.
- Glavu za ngozi zinazopita kifundo cha mkono. Za mpira hutobolewa na miiba ndani ya dakika kumi.
- Gambuti, suruali nzito, shati la mikono mirefu, miwani ya kazi.
- Magunia, yasiyopungua manne kwa kila kichaka kikubwa.
- Miche ya kupanda badala yake, ikiwa imeshalipiwa au kuahidiwa kitaluni.
- Majani makavu au nyasi za matandazo.

Angalia kwamba miche imo kwenye orodha ya siku ya kwanza. Kama huna miche wala mpango wa kuipata, usianze. Heri lantana ikae mwaka mwingine kuliko kufungua ardhi uiachie magugu mengine.

Sikuweka dawa ya kuua magugu kwa makusudi. Nitaigusa kidogo huko chini.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Shina la lantana lina pembe nne, na ukipitisha kidole utahisi vijiiba vilivyojipinda kurudi nyuma. Majani hukaa mawilimawili yakikabiliana, yamekwaruza kama msasa, kingo zake zina meno. Likande moja: harufu kali itabaki mkononi hadi jioni. Maua hukaa kwa kichala, ya katikati njano na ya pembeni yamegeuka rangi ya chungwa au waridi. Matunda ni vipunje vya kijani vinavyogeuka kuwa vyeusi vyenye kung'aa.

Ina ndugu yake mpole, Lantana trifolia, mwenye maua ya zambarau na majani yanayotoka matatumatatu. Huyo hana miiba na hafungi kichaka. Mwache.

Kosa ninaloliona sana ni watu kung'oa mukawa wakidhani ni lantana, kwa sababu tu una miiba. Mukawa una utomvu mweupe ukivunja tawi, majani yake ni laini yenye kung'aa, na miiba yake imenyooka, mirefu. Ni mti wa hapa, na matunda yake huliwa na ndege na watoto. Ukiukuta umenaswa ndani ya lantana, ufunge kitambaa chekundu ili mtu wa panga asiumalize.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusimama mita tatu kutoka kichakani na kuonyesha ipi itoke na ipi ibaki.

## Hatua ya 2: Chagua wiki kulingana na udongo wako

Hapa Nairobi tuna udongo wa aina mbili, na ushauri wa jirani wa upande mmoja unaweza kukuharibia kazi upande wa pili.

Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Karen, Dagoretti na Westlands hadi Karura, udongo ni mwekundu na mwepesi kuchimba. Hapo ng'oa Februari mwishoni au Septemba mwishoni, wiki chache kabla ya mvua. Vichaka ulivyong'oa vitakauka juani, na mvua ikianza utapanda moja kwa moja.

Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Mihang'o na kuelekea Athi River, ni udongo mweusi wa pamba. Ukiwa mkavu ni saruji. Ukilowa unashika gambuti zote mbili na kukuacha na soksi. Nafasi yako ni siku nne au tano baada ya mvua ya kwanza nzuri, udongo ukiwa umelegea lakini haujawa matope. Nafasi hiyo haikai. Wapange watu wako mapema.

Kiangazi kikali kwenye udongo mweusi mzizi hukatika juu, pale pabaya, halafu mtu anakuambia amechimba. Nami nimewahi kulipa siku nzima ya kazi ya namna hiyo.

## Hatua ya 3: Gawa kichaka mafungu matatu, kisha kagua wakazi wake

Hapa huulizwa swali la haki: “Kama ni mbaya, mbona vipepeo na ndege kama chozi wanashinda humo?” Ni kweli wanashinda. Maua yake yana nekta karibu mwaka mzima, na matunda yake hupendwa na ndege kama shorewanda na kuzumburu, yule wa mkia mrefu anayetembea na kundi. Ila tazama chini ya kichaka. Hakuna nyasi, hakuna mche wa mti, hakuna kitu. Majani na mizizi ya lantana hutoa kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota, na kivuli chake humalizia kazi. Kipepeo mkubwa anapata chakula cha siku hiyo, lakini kiwavi wake anahitaji jani la mmea wake wa asili, na mmea huo ndio uliofukuzwa. Na hao ndege wanaokula matunda ndio wapandaji wake wakuu: humeza tunda, wakaruka, wakaangusha mbegu ua wa jirani.

Kwa hiyo usitoe kichaka chote siku moja. Toa theluthi moja, panda, subiri msimu mmoja, kisha endelea. Wanyama wapate mahali pa kuhamia.

Kabla ya panga kugusa tawi, fanya haya asubuhi:

Tafuta viota. Ndege wengi hapa hutaga wakati wa mvua, ndiyo sababu nyingine ya kung'oa kabla haijaanza. Kiota chenye mayai au makinda kikionekana, acha duara la mita mbili na urudi baada ya mwezi.

Tafuta vinyonga. Nairobi tuna kinyonga wa pembe tatu ambaye hupenda sana nyua na vichaka vya mjini, na yeye hakimbii. Hujishika tu akingoja upite, halafu anaishia ndani ya gunia. Mchukue kwa kijiti, usimshike kwa mkono ukimbana, umweke kwenye mti wa karibu. Najua wapo watakaokataa kumgusa kwa sababu za kwao za nyumbani. Basi mtafute mtoto mmoja wa plot, yupo tu asiyeogopa.

Tahadhari ya nyoka. Piga kichaka kwa fimbo ndefu, simama, subiri. Anayetisha zaidi ni kifutu, yule mnene mfupi, maana yeye hakimbii mbele ya kelele kama wenzake. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Mtu akiumwa, atulie, avue pete na saa, apelekwe hospitali mara moja. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba.

## Hatua ya 4: Punguza matawi, bakiza kishikio

Sasa panga. Kata matawi kutoka nje kuelekea ndani, ukiacha mashina yenye urefu wa kama goti. Hicho ndicho kishikio chako cha kuvutia.

Usikate usawa wa ardhi. Ukikata hapo unapoteza shingo la mzizi kwenye majani makavu, na baada ya saa moja hakuna anayekumbuka lilikuwa wapi.

Matawi yenye matunda, ya kijani au meusi, yaende guniani papo hapo. Usiyaburute uani kwanza. Kila tunda linaloanguka njiani ni kazi ya Mei.

## Hatua ya 5: Chimba shingo la mzizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mahali shina linapokutana na mzizi, kuanzia usawa wa ardhi hadi sentimita chache chini, kuna sehemu iliyovimba kidogo. Hilo ndilo shingo. Machipukizi yote mapya hutoka humo. Mzizi wa chini zaidi hauna uwezo mkubwa wa kuchipua. Shina la juu likitupwa juu ya kitu kikavu hufa. Shingo pekee ndilo linalorudi, na fyekeo hupita juu yake kila mara bila kuligusa.

Watu wa India, walioteswa na mmea huu kuliko sisi, walijenga njia nzima juu ya jambo hilo: unakata mzizi mkuu chini ya shingo, unainua kichaka, unakigeuza miguu juu kichwa chini. Basi. Hakuna dawa, hakuna trekta. Ndivyo ninavyofanya na mimi.

Kwanza ondoa majani makavu kuzunguka shina hadi uone udongo. Kisha piga fok-jembe kwa duara, kama sentimita 30 kutoka shinani, ukilegeza bila kukata. Zunguka mara mbili. Mtikise mmea kwa kishikio. Ukianza kucheza kama jino bovu, upo karibu.

Piga magoti. Ndiyo, magoti. Fukua kwa mkono hadi uuone mzizi mkuu ukishuka. Pima vidole vitatu chini ya ule uvimbe wa shingo, halafu uukate hapo kwa msumeno au kwa pigo moja la mtarimbo wenye ncha bapa. Mimi hushuka hadi sentimita 10 kama udongo unaruhusu, kwa sababu siamini macho yangu jioni.

Vuta. Kichaka kitoke na shingo lake zima.

Mizizi myembamba ya pembeni itakayobaki ndani isikusumbue, mingi itaoza. Kinachosumbua ni matawi yaliyolala. Lantana ya miaka mingi huinamisha matawi, tawi likigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na hapo unapata shingo la pili, mita moja kutoka la kwanza, limejificha chini ya nyasi. Fuata kila tawi lililolala hadi mwisho wake. Katika kichaka kimoja nyuma ya kanisa fulani niliwahi kuhesabu mashingo saba, na mwenye shamba aliapa ni mti mmoja.

Kama shina limeingia chini ya msingi wa ukuta au katikati ya mawe na huwezi kuchimba, una njia mbili. Ya kwanza ni kukata na kukwangua machipukizi kila wiki tatu kwa mwaka mzima hadi mzizi uchoke. Ya pili ni kupaka dawa ya glaifoseti juu ya kisiki kwa brashi, dakika chache baada ya kukata, kabla kidonda hakijakauka. Kupaka, si kunyunyiza. Nunua iliyosajiliwa kutoka agroveti inayoaminika, fuata kibandiko, na usiitumie kabisa karibu na mto, kisima au sukuma wiki ya mtu. Mimi huchagua ya kwanza. Ni ya kuchosha, lakini haijawahi kunigombanisha na jirani.

Ishara ya mafanikio: geuza mmea uliong'oa uutazame chini. Unataka kuona uvimbe wa shingo wote, na chini yake kipande cha mzizi kilichokatwa. Ukiona shingo limepasuka na nusu imebaki ardhini, rudi shimoni sasa hivi.

## Hatua ya 6: Maiti yake usiizike vibaya

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikuwa na haraka, nikarundika kila kitu kwenye kona ya ua. Ilikuwa Aprili. Wiki sita baadaye rundo lilikuwa na majani mapya, na kwa chini lilikuwa limetia mizizi.

Ning'iniza vichaka vilivyong'olewa juu ya ua wa waya au juu ya mawe, mizizi ikitazama jua. Baada ya wiki mbili au tatu za jua vijiti vitavunjika kwa sauti. Hapo ni kuni nzuri tu, au vijiti vya kushikia nyanya.

Magunia ya matunda yafunge, yaache juani hadi matunda yaoze na kukauka kabisa, kisha yazike shimo la kina kisichopungua nusu mita. Usimpe mzoa taka yakiwa mabichi. Gunia likifunguka kando ya barabara umemhamishia mtu mwingine shida.

Mambo matatu ya kukataa hata mtu akikuhimiza:

Usichome kichaka kikiwa kimesimama. Moto huunguza matawi, shingo likabaki salama chini ya udongo na sasa halina mshindani. Tena mjini moshi huo unaingia kwa nyumba ya mtu.

Usiwape mbuzi wala ng'ombe. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini. Ng'ombe aliyekula huacha kula, macho huwa manjano, na ngozi isiyo na rangi hubabuka juani. Wakati wa ukame wafugaji hupitisha mifugo hata katikati ya jiji, na rundo mbichi kando ya barabara ni mtego. Watoto nao waambiwe waache yale matunda mabichi ya kijani.

Usitupe mtoni. Sijui kwa nini ni lazima lisemwe, lakini ni lazima.

## Hatua ya 7: Panda wiki ileile, au mara mvua inapoanza

Ardhi iliyofunguliwa Nairobi haikai tupu siku 20. Kwanza vitakuja vishonanguo na mung'ei, ambavyo havina ubaya mkubwa. Baada yao huja mbarika, alizeti-mwitu yenye maua makubwa ya njano, na siku hizi partheniamu, lile gugu lenye vijiua vyeupe kama punje za chumvi, linalosafiri na malori ya mchanga na udongo wa mjengo. Partheniamu huwasha ngozi na kubana kifua, na hadi ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi inang'olewa. Ukiiona, ing'oe kwa glavu na barakoa kabla haijachanua.

Dawa ya yote hayo ni kivuli. Lantana hupenda jua na mahali palipovurugwa. Chini ya mti wenye kivuli kizito hudhoofika na kuacha kuzaa. Ukitaka kuona kwa macho, nenda Karura. Msitu ule wa hekta 1,041 umekuwa ukiondolewa lantana na miti mingine ya kigeni na kupandwa miti ya asili kwa zaidi ya miaka kumi. Tembea njia zinazofuata mito, ulinganishe sehemu zilizopandwa zamani na zile zilizo bado. Mbega waliohamishiwa humo kutoka upande wa Nyandarua hukaa juu ya miti ya asili, wakila majani yake. Lantana haina tawi la kumbeba mbega.

Wewe huhitaji msitu. Unahitaji tabaka mbili. Majina mengi ya miti hapa ni ya Kikuyu.

Tabaka la juu, kila mita mbili hadi tatu: mukinduri hukua haraka na kuvumilia karibu kila udongo, lakini ni mti mkubwa, uweke mbali na nyumba na mabomba ya maji taka. Muu, ambao Waluo huuita siala, hauli nafasi sana na maua yake ya njano huleta nyuki. Muthiga hukua polepole, ila kivuli chake ni cha kudumu. Kwenye udongo mweusi usijitese na muthiga, tumia mzeituni-mwitu, yaani mutamaiyu.

Tabaka la chini, kila mita moja: mukawa kwa miiba na matunda, muthigiu kwa matunda madogo ambayo ndege huyapenda, na leleshwa pale palipo pakavu. Hawa ndio watakaochukua kazi ya lantana kwenye ua wako. Mukawa ukishakomaa ni ua ambao mwizi anaufikiria mara mbili, na hiyo ndiyo hoja inayowashinda wenye plot wanaoniambia lantana ni bora kuliko askari.

Shimo liwe la sentimita 45 kwa 45. Tenga udongo wa juu na wa chini. Changanya ule wa juu na karai moja la samadi iliyooza, urudishe kwanza. Toa karatasi ya plastiki, panda mche kwa kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni, kanyaga kidogo, mwagilia. Weka matandazo mazito unene wa kiganja, yasiguse shina.

Kwa maji, mtungi mmoja wa lita 20 unatosha miche minne, mara mbili kwa wiki mvua inapokosa. Kama huwezi kubeba maji hayo hadi mvua ijayo, panda michache.

Ukienda kitaluni kando ya barabara, fungua macho. Utauziwa lantana. Ile fupi ya maua ya njano tupu hupangwa mbele kabisa kama pambo, na muuzaji hana ubaya, anauza kinachonunuliwa. Uliza mti kwa jina la kienyeji. Vitalu vya Huduma ya Misitu (KFS) na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kule Muguga, ndiko ninakopata miti ya asili bila kubahatisha.

## Kama kipande chako ni ukingo wa mto

Hapa punguza mwendo. Kwenye Ngong River, Mathare, Gitathuru na vijito vyake, lantana inaweza kuwa kitu pekee kinachoshika ukingo. Ung'oe yote kabla ya mvua ndefu, na ukingo utaondoka na miche yako. Waliokuwapo kwenye mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa maji hufanya nini.

Kata vipande vya mita mbili vinavyokwenda sambamba na mto, ukianza juu, mbali na maji. Ng'oa kipande kimoja, ruka kimoja. Mita ya mwisho karibu na maji usichimbe kabisa mwaka wa kwanza. Kata matawi tu kabla hayajazaa, na panda nyasi za nepia au mafunjo katikati yake yashike udongo. Nepia hushika haraka lakini haina adabu. Ikate kila mwezi, ng'ombe wa mtu watakushukuru, la sivyo itaizika miche.

Tena ardhi hiyo si yako peke yako. Kingo za mito zina hifadhi ya mita 6 hadi 30 kisheria. Zungumza na chifu na ofisi ya mazingira ya kaunti kabla ya kupeleka watu na majembe, upate kibali kwa maandishi. Vikundi vya vijana vinavyosafisha mito vinajua mlango wa kubisha. Ndani ya msitu wa serikali usiguse chochote bila KFS, hata kama unaona unawasaidia.

## Hatua ya 8: Miezi 18 ya kuchungulia

Ndani ya udongo wako kuna mbegu za miaka ya nyuma, na zinaweza kukaa humo miaka kadhaa zikingoja mwanga. Zitaota. Usione umeshindwa, ndizo ulizokuwa unazisubiri.

Kwa miezi sita ya kwanza pita kila wiki tatu. Mche wa lantana ukiwa chini ya kiganja huvutika kwa vidole viwili, mzizi ukaja wote, hasa siku moja baada ya mvua. Ukiupita mara mbili utahitaji jembe. Nimezoea kupita Jumapili asubuhi na kikombe cha chai mkono mmoja. Ua wa mita 20 haumalizi kikombe.

Kuanzia mwezi wa saba pita mara moja kwa mwezi, ukiongeza matandazo pale yalipooza. Kisiki kikichipua, usikate chipukizi. Chimba shingo, maana ndilo uliloliacha.

Hesabu miche unayong'oa kila mara, andika kwenye simu. Idadi itapanda baada ya mvua ya kwanza, na ya pili itakuwa ndogo. Ikipanda tena mvua ya pili, kuna kichaka kinachozaa karibu nawe, na hapo ndipo inabidi kubisha hodi kwa jirani. Usiende na lawama. Nenda na miche miwili ya mukawa mkononi na ujitolee Jumamosi moja. Nimekataliwa mara moja tu, na huyo alikuwa anauza plot.

Fungu la kwanza likifikisha msimu mmoja na miche yake imeshika, rudi Hatua ya 3 kwa fungu la pili.

Wakati wa kuchungulia usizunguke tu palipokuwa na kichaka. Anza chini ya waya wa stima, chini ya antena, chini ya tawi kavu la mti wowote na kando ya ukuta wenye chupa juu. Ndege hutua hapo wakimaliza kula, na hapo ndipo utakapoikuta miche mipya, mitatu minne pamoja, mbali kabisa na pale ulipochimba.